Alhamisi ya Mwalimu wa Muziki

Alikuwa na tabia ya kugonga vitu. Akiingia ofisi ya walimu asubuhi, kabla hajasalimu mtu, aligonga meza kwa kifundo cha kidole, akainamisha kichwa kidogo kusikiliza, kisha ndipo akasema, "Habari zenu." Aligonga mabomba ya maji, fremu za madirisha, matangi, hata mlango wa choo wakati mtu yuko ndani. Siku moja nilimkuta jikoni amezipanga sufuria za shule sakafuni, kubwa kwa ndogo, anazipiga kwa mwiko moja baada ya nyingine, huku mpishi amesimama mikono kiunoni.

"Mwalimu, hiyo ni ya githeri," mpishi akamwambia, akionyesha ile kubwa ya kupikia mahindi na maharagwe.

"Najua. Na ndiyo yenye sauti nzuri kuliko zote. Utaniazima Alhamisi."

"Sasa Alhamisi watoto watakula nini?"

"Watakula wakishaimba."

Shule nzima ilimwita Mwalimu wa Muziki. Hata mimi niliyekaa naye meza moja kwa miaka mingi nilimwita hivyo hivyo, naye akaniita "wewe wa namba", kwa kuwa nilifundisha hesabu gredi ya nne. Shule yetu iko Hurlingham, Nairobi, nyuma ya barabara ya Argwings Kodhek, imebanwa na ofisi upande mmoja na majumba ya ghorofa upande mwingine. Watoto wetu wengi hutoka Kawangware na Kibera. Wengine ni wa walinzi na wafanyakazi wa nyumbani wa mtaa huu huu, na wachache ni wa makarani wa serikali wanaofanya kazi katikati ya jiji, wanaowashusha watoto langoni kabla ya kukimbilia ofisini.

Yeye alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye miwani, mwendo wa haraka na viatu vilivyong'arishwa hata siku za matope. Hakufundisha muziki peke yake. Kuchora, kufinyanga, ngoma, maigizo, vyote viliwekwa mikononi mwake, kwa sababu shule haikuwa na mwalimu mwingine wa kuvifanya. Baadhi yetu tulizoea kuviita masomo ya pembeni. Ukilisema neno hilo mbele yake alikukazia macho.

"Pembeni mwa nini?" aliuliza.

Kisha aligonga meza kwa kifundo, akasubiri jibu.

Chumba chake kilikuwa stoo ya zamani iliyopakana na jikoni. Kilinuka maharagwe asubuhi na sabuni alasiri. Ukutani alipachika michoro ya watoto bila kuchagua, ya mwenye kipaji ikiwa ubavuni mwa ya yule aliyechora ng'ombe mwenye miguu mitano. Kinanda kilikuwepo, lakini vitufe viwili vya upande wa kulia vilikuwa vimekufa, kwa hiyo wimbo ukifika huko juu yeye aliimalizia noti ile kwa mdomo, bila kusita, kana kwamba ndivyo ulivyotungwa.

Ndani ya chumba hicho kulikuwa na sheria moja tu, na kila mtoto aliyepita pale aliijua: kosea kwa sauti. Hakuweza kumvumilia mtoto anayenong'ona. "Ukikosea kimyakimya nitakusaidiaje?" aliwauliza. "Mimi si malaika. Toa hilo kosa nje tulione sote, tulirekebishe, twende mbele." Mimi, ambaye darasani kwangu watoto walificha majibu yao kwa viwiko, nilikuwa nikilisikia neno hilo likivuka ua na kuingia dirishani, nikiona wivu.

Kila mwanzo wa mwaka aliwasikiliza watoto wote wa gredi ya nne, mmoja mmoja. Hakuchagua wimbo. "Imba chochote," aliwaambia. Wapo walioimba nyimbo za kanisani, wapo walioimba matangazo ya redioni, na mmoja, nakumbuka, aliimba kwa ufasaha namna kondakta anavyoita abiria wa Kawangware. Huyo alimpa alama nzuri sana.

Mwaka mmoja akaingia msichana aitwaye Ndanu, mtoto wa karani mmoja wa serikali. Ilikuwa saa yangu ya mapumziko nami nilikuwa nimekaa mle chumbani nikisahihisha madaftari, kwa sababu ofisini kulikuwa na kelele. Ndanu alifungua mdomo, midomo ikachezacheza, lakini hakikutoka kitu.

"Sauti iko wapi?" Mwalimu wa Muziki akamwuliza.

"Niliambiwa nisitoe, Ticha."

"Uliambiwa na nani?"

"Anti wa kwaya ya watoto, kanisani. Alisema nifungue mdomo tu, ndiyo nisiharibie wengine."

Mwalimu wa Muziki alisimama, akaenda dirishani, akarudi. Nilimwona shingo imemsimama mishipa, nikadhani atafoka. Alipochutama mbele ya mtoto, sauti yake ilikuwa ya chini kabisa.

"Sikiliza, mama. Hakuna sauti mbaya. Kuna sauti iliyokaripiwa. Yako imekaripiwa, imeingia mvunguni. Mimi sitaivuta kwa nguvu. Kila Alhamisi utakuja hapa, tutaiita, na siku itakayotaka itatoka."

Ndiyo ikawa Kwaya ya Alhamisi. Humo aliwaingiza wote waliokataliwa kwingine: wenye sauti za kukwaruza, wasioshika mapigo, wenye haya, na watoto wawili waliohamia kutoka mbali ambao Kiswahili kilikuwa bado kinawapiga chenga. Kwaya hiyo haikuwahi kwenda popote. Haikuimba siku ya wazazi wala mbele ya wageni. Iliimba mle stooni alasiri ya Alhamisi, mlango ukiwa wazi, na sauti zao zilikuwa mbaya kweli, Mungu anisamehe. Zilikuwa mbaya kwa miezi. Halafu siku moja nikavuka ua na chaki mkononi, nikasimama, kwa sababu kulikuwa na kitu kimebadilika na sikujua ni nini. Nilichungulia. Ndanu alikuwa amefumba macho, na sauti niliyokuwa naisikia chini ya nyingine zote, nzito kidogo, ya kuvuma kama nyuki kwenye mzinga, ilikuwa yake.

Lakini usije ukamdhania kuwa mtu wa huruma tu. Alikuwa na kwaya nyingine, ya tamasha, na huko hakuwa na huruma hata chembe. Mtoto aliyechelewa mazoezi mara mbili alitolewa. Aliyevuta noti akatolewa. Niliona watoto wakitoka mle wakilia, nikamfuata nikamwambia, "Mwalimu, si ni wewe uliyemwambia Ndanu hakuna sauti mbaya?"

"Tamasha ni vita," akanijibu. "Alhamisi ni chakula. Mtu hali vitani, na hapigani mezani."

Walipotoka nafasi ya pili alijifungia chooni. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akatuambia vumbi la uwanja wa tamasha lilimwingia. Tamasha lilikuwa kwenye jumba lenye zulia.

Alikuwa na mambo mengine yasiyolingana. Aliwafundisha watoto kuingia kwenye wimbo bila kuchelewa hata kidogo, naye mkutano wa walimu hakuwahi kuufikia kabla ya maombi kwisha. Kanisani, mjini, alikaa kiti cha nyuma na hakuimba. Nilipomwuliza sababu alisema akiimba anaanza kuwasikia waumini, na akiwasikia anaacha kumsikia mhubiri. Nilimtembelea mara kadhaa kwake, Dagoretti Corner, nyumba ya kupanga yenye mimea mingi mlangoni, nikatarajia kukuta redio au sahani za muziki. Hakukuwa na chochote. Tulikunywa chai kwenye kimya kizito hadi nikajikuta nakohoa ili kuwe na sauti.

"Unakisikia?" aliniuliza.

"Nini?"

"Kimya. Nacho kina mapigo yake. Watu wanakikanyaga tu."

Habari ya filimbi ndiyo iliyomjulisha kwa mtaa mzima. Muhula mmoja shule ilipata filimbi za plastiki za kutosha gredi nzima, na kwa majuma kadhaa Hurlingham haikuwa na amani. Ilikuwa kama paka wamefungiwa kwenye gunia. Jirani yetu wa ghorofani, mzee mmoja Mhindi aliyekuwa na duka la vitambaa katikati ya jiji kabla ya kuwaachia wanawe, alikuja langoni akiwa na fimbo yake na uso umewiva.

"Mwalimu, sasa hii ni nini?" alisema. "Mimi nimezaliwa Ngara, nimeishi hii Nairobi maisha yangu yote. Nimeskia risasi, nimeskia mabomba ya maji ikipasuka. Sijawahi skia kitu kama hii. Kila siku saa nane, piii! Mimi mtu mzee nalala saa gani?"

Sisi wengine tungeomba msamaha na kufunga madirisha. Mwalimu wa Muziki alimvutia kiti.

"Keti, mzee. Ni sauti gani hasa inakukera?"

"Zote!"

"Haiwezekani zote. Sikiliza." Akawaashiria watoto wapige. Mzee akafumba macho kwa uchungu. Kisha akainua kidole.

"Huyo. Huyo wa dirishani. Anaharakisha. Wenzake wako hapa, yeye ameshafika Westlands."

"Enhe," akasema Mwalimu wa Muziki. "Nami naona hivyo. Mzee, wewe umewahi kupiga nini?"

Ikaja kujulikana kwamba ujanani alipiga tabla, zile ngoma ndogo za Kihindi, kwenye harusi, hadi duka lilipommalizia muda. Juma lililofuata alikuja nazo zimefungwa kwenye shuka. Alikaa sakafuni na watoto wa gredi ya nne, akawafundisha kuhesabu mapigo kwa ncha za vidole, na kuanzia hapo akawa anakuja kila Alhamisi, isipokuwa siku ambazo magoti yalimkataa. Filimbi hazikunyamaza. Ila kelele ile ilianza kuwa na mpangilio, na yeye hakulalamika tena. Akiulizwa na majirani zake alisema, "Ah, hao ni watoto wangu wanafanya mazoezi."

Sasa nifike kwenye mwaka ule uliokuwa mgumu.

Kulikuwa na wasiwasi mwingi miongoni mwa wazazi kuhusu mitihani ya gredi ya sita. Kila jirani alikuwa na habari ya shule nyingine ambako watoto wanasoma hesabu mpaka jioni. Mwalimu Mkuu, mtu mpole aliyependa kila mtu atoke mkutanoni ameridhika, aliitisha mkutano wa wazazi siku ya Jumamosi katika ukumbi wa kulia chakula. Aliyezungumza kwa nguvu kuliko wote alikuwa baba yake Ndanu. Alivaa suti ya ofisini na alisimama wima kama anatoa ushahidi.

"Mimi sina ubaya na mwalimu," alisema. "Lakini tuambiane ukweli. Filimbi itampeleka mtoto wangu wapi? Huyu mtoto ako na mtihani mbele. Akifika nyumbani anajifungia bafu, piii, piii, na hesabu haijafanywa. Mimi naonelea hizi vipindi za pembeni ziende kwa hesabu na Kiingereza. Akimaliza masomo atapiga filimbi yake akiwa na kazi."

Watu walipiga makofi. Mwalimu Mkuu akamgeukia Mwalimu wa Muziki na kumwuliza kama ana neno. Nilidhani atamrarua yule baba. Nilimjua, na nilimwona alivyoshika ukingo wa meza.

"Ni watoto wenu," alisema. "Mkiamua, mmeamua. Nina ombi moja tu. Mkifika nyumbani msiwaambie kwamba walikuwa wanapoteza wakati."

Akaketi. Mikono ikainuliwa, na ilikuwa mingi.

Muhula uliofuata stoo ikawekwa makabati ya tableti. Michoro ilitolewa ukutani. Yeye, kwa kuwa alikuwa ameajiriwa na bodi ya shule, aliambiwa asaidie kusimamia watoto wakati wa chakula huku ikifikiriwa kama ataendelea mwaka unaofuata. Nilimwona akisimama mlangoni mwa ukumbi na kengele mkononi, akiwapanga watoto foleni ya githeri. Mzee jirani alikuja Alhamisi ya kwanza na tabla zake kwenye shuka. Mlinzi akamweleza. Mzee akageuka akarudi alikotoka, polepole, kwa fimbo.

Vipindi vyake nilipewa mimi. Nilifundisha sehemu: nusu, robo, thumuni. Niligawa machungwa ubaoni, niligawa mikate, niligawa mashamba. Watoto walinitazama kama watu wanaosubiri daktari. Alhamisi moja, alasiri, joto limejaa chumbani, niliuliza robo ngapi zinaingia kwenye nusu, na hakuna aliyenijibu isipokuwa Ndanu, aliyesema kwa sauti ya chini, "Ticha, ni kama zile za makofi?"

"Makofi gani?"

Akaniangalia, akawaangalia wenzake, akapiga mapaja yake mara mbili, kama walivyofanya stooni.

Nilitoka nje nikavuka ua. Mwalimu wa Muziki alikuwa amekaa kwenye benchi la jikoni akichambua maharagwe pamoja na mpishi.

"Njoo darasani kwangu," nikamwambia.

"Mimi nimekatazwa kufundisha muziki."

"Sikuiti kwa muziki. Nakuita kwa hesabu."

Alinitazama, akaweka ungo chini, akajifuta mikono.

Aliligawa darasa makundi. Kundi la kwanza lilikanyaga sakafu mara moja, zito. La pili likapiga makofi mawili ndani ya ule mkanyago mmoja. La tatu likapiga manne mapajani. La nne, lenye Ndanu, likagonga madawati kwa ncha za vidole, manane, mepesi kama mvua inapoanza juu ya mabati. Akawaingiza kundi moja baada ya jingine, hadi chumba kizima kikawa kinatembea. "Robo ngapi kwenye nusu?" akauliza juu ya kelele. "Mbili!" "Thumuni ngapi kwenye robo?" "Mbili!" "Kwenye nusu?" Wakasikiliza vidole vyao. "Nne!" Mimi nilikuwa nimeegemea ubao, na mguu wangu wenyewe unakanyaga.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Mwalimu Mkuu.

Watoto wakashusha mikono. Alitutazama mimi na yeye kwa zamu.

"Hiki ni kipindi gani?"

"Hesabu, Mwalimu Mkuu," nikasema.

"Hesabu gani hii ya kutetemesha ukuta?"

"Sehemu."

Alinyoosha kidole kwa mtoto wa mbele na kumwuliza, ukiwa na nusu mbili na robo moja, una ngapi. Mtoto hakuangalia ubao. Alipiga paja lake taratibu, akasema, "Moja na robo." Mwalimu Mkuu akatazama madirisha. Nikajua kwamba akitaka anaweza kumwondoa mwenzangu siku hiyo hiyo, na mimi kuniandikia onyo.

"Mkifanya hesabu ya namna hii," akasema mwishowe, "fungeni madirisha." Akaondoka.

Tulifunga madirisha muhula mzima, na kila Alhamisi nilikwenda kumtoa kwenye maharagwe.

Hata hivyo haikuwa sawa na zamani, na watoto walijua. Makofi yangu yalikuwa ya hesabu, na Kwaya ya Alhamisi haikuwepo. Kisha mkutano mwingine wa wazazi ukaitishwa, wa kupitisha ratiba iwe ya kudumu na kuamua nani ataendelea kazi na nani hapana. Mwalimu wa Muziki alikuja amevaa vizuri kama mtu anayekwenda harusini. Aliniambia kwa upole kwamba ameshafunga vitu vyake.

Mwalimu Mkuu alipouliza kama kuna mwenye neno kabla ya kura, aliyesimama alikuwa baba Ndanu. Suti ile ile. Lakini safari hii alishika kofia mkononi na kuizungusha.

"Mimi ndiye nilisema filimbi haiendi mahali," alianza. "Mnanikumbuka. Sasa wacha niwaambie. Huyu mtoto wangu, zamani Alhamisi ndiye alikuwa anatuamsha sisi. Bado ni giza, yeye ako na sare tayari, anatuuliza mbona tunalala. Siku hizi ikifika Alhamisi ni tumbo. Ni kichwa. Ni mguu. Kipindi cha hesabu kinamchangamsha kidogo, lakini saa ile ya alasiri hakuna kwaya, na yeye anajua. Nimempeleka hospitali, daktari ananiambia mtoto hana kitu. Mke wangu ndiye aliniambia, Baba Ndanu, hii si ugonjwa. Hii ni Alhamisi." Watu wakacheka, naye akacheka kidogo, kisha akakunja uso. "Nyumba imenyamaza. Mimi nilikuwa nagombana na hiyo filimbi kila jioni, na sasa nakaa pale kwa kiti nangoja iniudhi, na hainiudhi. Nimeshindwa kuvumilia. Naomba mnirudishie Alhamisi yangu."

Mama mmoja aliyekuwa nyuma, anayeuza mboga karibu na shule, akasema bila kusimama, "Na yangu." Baba mwingine akaitikia. Halafu sauti zikawa nyingi mno, na Mwalimu Mkuu akaanza kutabasamu, kwa kuwa ulikuwa mkutano ambao karibu kila mtu angetoka ameridhika.

Hakurudishiwa vyote. Jumanne ilibaki ya hesabu, na stoo ikabaki ya tableti. Alipewa ukumbi wa chakula. Aliingia, akagonga nguzo, akagonga ukuta, akasema, "Huku kunaitikia vizuri kuliko kule," na kazi ikaanza. Mzee jirani aliletewa habari na watoto wenyewe. Alikuja siku hiyo hiyo na viatu vya nyumbani.

Lakini ninalolikumbuka zaidi ni lililotokea mkutano ulipokwisha. Baba Ndanu alimfuata Mwalimu wa Muziki penye mlango ili amwombe radhi. Hakumpa nafasi.

"Baba Ndanu, wewe unaimba sauti gani?"

"Mimi? Ah, mwalimu. Mimi siimbi."

"Nani alikukaripia?"

Alifungua mdomo kama anayetaka kufanya mzaha. Mzaha haukuja. Alitazama viatu vyake, mtu mzima mwenye suti, watu wakimpita huku na huku.

"Ilikuwa darasa la tatu," akasema.

Mwalimu wa Muziki alitikisa kichwa polepole. Akamwekea mkono begani, akamwambia Alhamisi mlango uko wazi, kisha akaenda kumsaidia mpishi kuinua mabenchi.

Alifundisha miaka mingine kadhaa, akastaafu. Kwenye sherehe ya kumuaga alituomba tusiimbe. Aliomba chapati. Tukala chapati, akatushukuru kwa maneno machache, akaondoka kabla hotuba hazijaanza. Ndanu ameshaingia sekondari. Hakuwa mwimbaji wa kutajika, na sidhani kama atakuwa. Husoma neno kanisani baadhi ya Jumapili, na baba yake ananiambia sauti yake inafika hadi mlangoni bila kipaza sauti.

Mwaka huu, likizo ya Aprili, nilimpeleka binti ya dada yangu mtaa wa Karen kujifunza kuogelea. Bwawa lilikuwa nyuma ya miti mirefu, na wanaoanza walikuwa upande wa maji mafupi, watoto wa miaka sita, saba, wameshika ukingo na kupiga miguu. Katikati yao kulikuwa na mama mzee mwenye kofia ya mpira ya rangi ya machungwa na vazi la kuogelea lililomfika magotini. Nilimtazama mara mbili kabla sijaamini.

"Mwalimu!" nikamwita. "Ni wewe?"

"Wewe wa namba," akasema bila kugeuka. "Usinichekeshe. Nikicheka nazama."

Nilichuchumaa ukingoni. Nilimwuliza tangu lini. Alisema tangu Januari, na kwamba yeye ndiye wa mwisho darasani. Walioanza naye wameshahamia upande wa maji marefu, hawa ni wapya, na hawa nao watampita.

"Na haikuumizi?"

Alifikiri. Maji yalikuwa yanamcheza kifuani.

"Miaka yote ile nilifundisha watu vitu ambavyo mimi nilikuwa navijua," alisema. "Nilikuwa nimesahau kabisa mtu asiyejua anasikia nini mwilini. Sasa nasikia. Ingekuwa nilikuja hapa nikiwa na miaka thelathini, ningekuwa mwalimu mzuri zaidi." Akaangalia maji. "Lakini si vibaya. Nimekuja."

Mkufunzi, msichana mdogo mwenye kipenga shingoni, alipiga makofi, akamwita kama mtu anavyomwita bibi yake. "Shosho, leo ndiyo siku. Leo tunaachia ukingo."

"Juma lijalo," akasema Mwalimu wa Muziki.

"Juma lililopita ulisema hivyo hivyo, Shosho."

"Unaogopa?" nikamwuliza kwa sauti ya chini.

"Sana." Akavua miwani, akanipa. Bila miwani uso wake ulikuwa mwororo, wa mtu nisiyemjua sana. Vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania zege hadi vimekuwa vyeupe kwenye viungo. Alivuta pumzi. Akaitoa. Akavuta tena.

Kulikuwa na msichana mdogo upande wa pili, mwenye mapengo mbele, ambaye alikuwa ameshaachia na kuelea na kusimama, na sasa alikuwa akimsubiri mwenzake amalize ili zamu iendelee.

"Shosho, usiangalie chini," alimwambia. "Chini kunatisha. Niangalie mimi."

Akamwangalia yule mtoto, na akaachia.